Kwa nini mwanafunzi anachagua saikolojia? Nimesoma karatasi zao kwa miaka kumi na moja

#1 Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nafundisha saikolojia ngazi ya sekondari, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Siku ya kwanza ya kila mwaka, kabla sijaandika chochote ubaoni, nagawa vipande vya karatasi na kuuliza swali moja: umekuja kutafuta nini kwenye somo hili? Hakuna kuweka jina. Wanaandika, wanakunja, wanatumbukiza kwenye boksi la viatu, nami nasoma usiku nikiwa peke yangu.

Sijawahi kutupa hata kipande kimoja. Wiki iliyopita nilimwaga boksi lote mezani nikaanza kusoma upya, ndiyo sababu ya kufungua uzi huu.

Nyingi zinasema "nataka kuwaelewa watu." Nyingine "nataka kusaidia wenye matatizo." Wapo waliomfuata rafiki, wapo walioambiwa ni somo jepesi, wapo walioandika kwa furaha kwamba halina hesabu, na hao nawaonea huruma maana takwimu wanakutana nazo mapema sana. Kuna kundi linalotaka kujua kichwani mwa wauaji kuna nini. Udadisi huo wanao hata watu wazima, siushangai.

Halafu ziko zile ambazo mwandiko wake ni mdogo, herufi zimebanana konani kana kwamba mwandishi alikuwa amezifunika kwa kiganja. Naweka tatu hapa, nimebadilisha vitu vidogo ili mtu asitambulike:

"Dada yangu haamki kitandani na nyumbani wanasema ni mvivu."

"Nataka kujua kama hasira inarithiwa."

"Usiku nafikiria sana. Nataka kujua kama ni kawaida."

Baada ya kuzisoma zote kwa mkupuo, nimeamini jambo moja. Nyuma ya "nataka kuwaelewa watu" karibu kila mara yupo mtu mmoja tu. Ni mzazi, ni ndugu, au ni mwandishi wa karatasi mwenyewe. Mtoto anakuja darasani amembeba mtu huyo kifuani, na anatumaini kitabu kitamweleza.

Kitabu sasa kinamfungulia na nini? Kinamfungulia na mwanasaikolojia Wilhelm Wundt, Leipzig huko Ujerumani, mwaka 1879, maabara ambayo watu walikaa mbele ya vyombo vya kupimia muda wakibonyeza kitufe mara wasikiapo sauti. Kinaendelea na Hermann Ebbinghaus, mtafiti wa kumbukumbu, aliyekariri silabi zisizo na maana, yeye peke yake, maelfu kwa maelfu, akapima anasahau kwa kasi gani, na mwaka 1885 akachapisha kwamba usahaulifu huwa mkali saa za mwanzo kisha unapungua kasi. Mimi kazi hiyo naipenda mno. Lakini wiki ya tatu kila mwaka naona nyuso zikipoa. Mwenye dada asiyeamka anatazama ule mchoro wa mstari unaoshuka na macho yake yanauliza: na dada yangu?

Wenzangu wengine huniambia mtoto aliyekuja kwa sababu ya nyumbani kwao amekosea njia, amwone mnasihi, asome kemia. Mimi nakataa. Nataka kusikia kwenu: nyie mlichagua kwa sababu gani, na mlipofika ndani mlikuta nini?

---

#2 Jani Kavu

Mwalimu, mimi ni wa lile kundi la "halina hesabu." Nasema bila kuficha, sikuwa na ndugu mgonjwa wala swali la moyoni. Nilifeli hisabati, nikatazama orodha ya masomo, nikaona hili lina picha za ubongo zenye rangi.

Nilichokuta ndani: wastani, mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika mbali na wastani), uwiano, meza za kulinganisha namba. Nililia kweli.

Lakini kuna siku sitaisahau. Tulipewa kazi ya utafiti mdogo. Niliwapa hojaji wenzangu arobaini, niliwauliza wanalala saa ngapi na hali yao ya moyo ikoje. Namba zikatoka nzuri kabisa, wanaolala kidogo ndio wenye huzuni zaidi. Nikaandika ripoti kwa madaha: "Matokeo yanaonyesha kwamba kukosa usingizi kunaleta huzuni."

Ripoti ilirudi na duara moja jekundu. Duara lilizunguka neno "kunaleta." Pembeni mwalimu wangu aliandika: "Umejuaje kwamba huzuni siyo inayofukuza usingizi? Au kwamba hakuna kitu cha tatu kinachozaa vyote viwili?"

Nilikaa na lile duara jioni nzima. Nikaanza kuhesabu mara ngapi nimesema "kinaleta" maishani bila kujua. Kwamba fulani ni mkali kwa sababu alilelewa bila baba. Kwamba mimi nimefeli hisabati kwa sababu ni mzembe. Hakuna hata moja niliyokuwa nimeipima.

Sababu iliyonipeleka ilikuwa mbovu, na iliyonibakiza ni lile duara. Leo nafanya kazi ya kuchambua takwimu, mimi niliyekuwa nakimbia hesabu.

---

#3 Baba Wawili

Mwalimu, nashukuru kwa uzi. Mimi ni mzazi. Kijana wangu wa kwanza amenijia na fomu, ameweka saikolojia juu kabisa. Nimemuuliza kwa nini, akasema "napenda." Nimemuuliza utafanya nayo kazi gani, akanyamaza.

Simkatalii. Nina hofu mbili tu. Ya kwanza ni mkate wake wa kesho. Ya pili, kijana huyu ni mkimya, na nahofia asije akaenda kujichimba mwenyewe mpaka apotee humo. Naomba kuelimishwa, tena bila kupambwa maneno.

---

#4 Kisima Kirefu

Nami niseme ukweli wangu ingawa hautapendwa. Nilisoma saikolojia chuoni, shahada nzima. Darasani kwetu nusu walikuja kujitibu wenyewe. Wakijifunza ugonjwa wa wiki hii, wiki hii wanao. Sikuona hata mmoja aliyepona kwa kusoma.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimetoka kwenye majarida yenye heshima. Kwa asilimia 97 ya zile za awali matokeo yalikuwa yametangazwa kuwa na maana kitakwimu, yaani si rahisi yawe ya bahati tu. Zilipofanywa upya, ni asilimia 36 tu zilizotoa matokeo ya namna hiyo. Lile jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971, ambamo vijana waliigiza wafungwa na walinzi, na ambalo kila mwanafunzi husimuliwa kama hadithi ya kutisha, leo lina shutuma nyingi kwamba walinzi walielekezwa jinsi ya kuwa wakali.

Kwa hiyo Mwalimu, mtoto anakuja na jeraha, nawe unampa nyumba ambayo kuta zake zinaanguka. Unaonaje?

---

#5 Mwalimu wa Zamu

Kisima Kirefu, nakushukuru, umeweka hoja ambazo mimi mwenyewe hunikosesha usingizi. Nianze nawe, halafu nije kwa mzazi.

Kuhusu kujitibu. Kila mwaka wiki ya pili nafanya jambo ambalo mwanasaikolojia Bertram Forer aliwafanyia wanafunzi wake. Aliwapa mtihani wa haiba, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake "binafsi" na kumwomba ayape alama kati ya 0 na 5 kwa usahihi. Wastani ulizidi 4. Ndipo wakagundua wote walipewa karatasi ileile, yenye sentensi za kumfaa yeyote, kama zile za nyota kwenye magazeti. Alichapisha mwaka 1949.

Nikifanya darasani kwangu, kuna dakika moja naisubiri. Ni pale mmoja anapochungulia karatasi ya jirani. Kwanza anacheka, halafu uso unabadilika. Mwaka juzi binti mmoja alibaki ameshika karatasi yake akasema taratibu: "Lakini ni mimi kweli hapa." Nikamwambia ndiyo, ni wewe, na ni yule pale, na ni mimi pia. Toka siku hiyo darasa likisoma orodha ya dalili, hawakimbilii kujivisha. Wanauliza: dalili hii wangapi wanayo, kwa muda gani, inamzuia mtu kufanya nini? Sijawatibu. Nimewapa kinga kidogo dhidi ya kujitibu.

Kuhusu kuta zinazoanguka. Namba zako ni sahihi na mimi nazifundisha. Ila waliorudia zile tafiti 100 ni wanasaikolojia wenyewe, wakatangaza mbele ya dunia kwamba mengi hayakusimama. Mtoto aliyekulia katika nyumba ambayo mkubwa hakosei, kwake somo hilo ni kubwa kuliko mjadala wote wa Stanford. Namwonyesha kwamba inawezekana kusema "tulikosea, hizi hapa namba" na mtu asife. Niongeze na lingine linalonigusa zaidi: mwaka 2010 watafiti Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba mengi tuliyoyaita tabia ya binadamu yalipimwa kwa watu wa jamii za Magharibi, tena wengi wao wanafunzi wa vyuo. Hata ule mchezo wa mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja una mishale iliyoelekea ndani na mwingine nje, ambao tuliambiwa unadanganya macho ya kila mtu, haudanganyi watu wa jamii zote kwa kiasi kimoja. Mimi nikisoma hilo naona kazi inayowasubiri watoto wa jamii ambazo hazikupimwa.

Sasa yule wa dada yake.

Nina somo moja ambalo huwa silikosi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Swali lilikuwa lilelile isipokuwa kitenzi. Walioulizwa magari "yalipogusana" walikadiria wastani wa maili 31.8 kwa saa. Walioulizwa "yalipobamizana" walikadiria zaidi ya 40. Katika jaribio la pili waliwarudia watu baada ya wiki moja wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu vioo hivyo havikuwapo. Katika 50 waliosikia "yalipobamizana," 16 walisema waliviona. Katika 50 waliosikia "yalipogongana," waliosema hivyo walikuwa 7.

Mwaka mmoja nilipomaliza somo hilo, kengele ikalia, wote wakatoka, mmoja akabaki anafunga begi lake polepole sana. Akaniambia: "Mwalimu, neno likitangulia, mtu anaona vioo ambavyo havipo." Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi nyumbani neno 'mvivu' lilitangulia."

Sikuwa nimejua karatasi ile ni ya nani mpaka dakika hiyo.

Nilitamani nimwambie ndiyo, umepata. Nisingemtendea haki. Nilimwambia jaribio lile lilihusu magari na kumbukumbu, halithibitishi lolote juu ya nyumba yao. Nikamuuliza: ungetaka kujua kama neno hilo kweli linabadilisha wanachokiona, ungepimaje? Akakaa chini tena. Tulikaa nusu saa. Alitaka kuandika kisa kimoja cha mtu asiyeamka, nusu ya wasomaji wapewe chenye neno "mvivu" na nusu chenye neno "mchovu," kisha awaulize mtu huyo asaidiwe vipi. Alikuja na jeraha, akaondoka bado analo, ila mkononi ana kitu cha kufanya nalo.

Mzazi, Baba Wawili, nakujia sasa bila kupamba. Shahada ya kwanza ya saikolojia peke yake haimfanyi mtu kuwa mtabibu. Anayetaka kutibu anahitaji mafunzo ya juu zaidi na miaka ya kufanya kazi chini ya usimamizi, na akitaka kuandika dawa kama daktari wa magonjwa ya akili, njia yake kwa kawaida hupitia udaktari kwanza. Watoto wengi hawaambiwi hili mapema, wanaumia baadaye. Lakini wengi wanaosoma saikolojia huishia kwingine: elimu, usimamizi wa wafanyakazi, utafiti wa masoko, usalama wa vyombo vya usafiri, ubunifu wa programu za simu. Daniel Kahneman alikuwa mwanasaikolojia, na tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 2002 ilikuwa ya uchumi.

Kuhusu ukimya wake, umeuliza swali zuri na sina jibu la jumla. Keti naye. Usimuulize "utafanya kazi gani" tena kwa sasa. Muulize ni kitu gani amekiona kwa mtu ambacho hakukielewa. Kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu.

---

#6 Muuguzi wa Usiku

Nimesoma uzi mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni muuguzi wodi ya wazee. Saikolojia niliichagua kwa sababu ya mama yangu. Alianza kusahau nikiwa bado mwanafunzi. Kwanza majina ya majirani, mwishowe langu.

Nilikwenda kutafuta dawa. Sikuipata, na nilimkasirikia mhadhiri kana kwamba yeye ndiye aliyeificha.

Nilichopata ni habari ya Henry Molaison, ambaye vitabuni kwa miaka mingi aliitwa H.M. tu. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutuliza kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku baada ya siku alichora vizuri zaidi, na kila siku alikuwa hakumbuki kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo. Ikaonekana kumbukumbu si ghala moja. Mikono ina ya kwake.

Niliposoma hayo nikafunga kitabu, nikarudi nyumbani na uzi wa sufi na sindano mbili. Mama alikuwa ameacha kufuma miaka mitatu iliyopita, sote tulidhani amesahau. Nilimwekea mapajani, sikusema kitu. Alizitazama. Kisha vidole vikaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, sawasawa kabisa. Katikati akaniangalia akaniuliza mimi ni nani.

Ugonjwa wa mama haukuwa sawa na wa Molaison, naijua tofauti sasa. Ila bila somo lile nisingeleta uzi.

Kisima Kirefu, umesema hukuona aliyepona kwa kusoma. Ni kweli, mimi sikupona. Mama naye alifariki hanijui. Lakini miezi ile ya mwisho tulikuwa na shughuli ya kufanya pamoja kila jioni, na hiyo siwezi kuiita bure.

---

#7 Kisima Kirefu

Muuguzi, pole sana kwa mama. Sina cha kubishana nawe.

Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine nabaki nayo: walimu wawaambie watoto siku ileile ya kwanza kwamba somo hili halitibu. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilichagua kwa sababu nilikuwa na woga wa kukaa na watu, niliamini nikijua jina lake utaondoka. Miaka mitatu nilijua jina lake, nadharia zake na vipimo vyake, na bado nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Uliondoka nilipokwenda kwa mtaalamu, nikafanyishwa mazoezi, hatua kwa hatua. Kumbe kuyasoma mazoezi hayo kwenye kitabu na kuyafanya ni vitu viwili. Ningeambiwa mapema, ningefanya yote mawili kwa pamoja.

---

#8 Mwalimu wa Zamu

Mkuu, hili nalichukua kama lilivyo. Nitaliongeza siku ya kwanza, baada ya kukusanya karatasi, kabla hawajatoka. Samahani kwamba kwako hakuna aliyelisema.

---

#9 Kidole Juu

Mwalimu, shikamoo. Na wakubwa wote humu.

Mimi ni mwanafunzi, fomu ya kuchagua masomo narudisha Jumatatu. Nimekuwa nasoma kimya. Sababu yangu ni kaka yangu. Amebadilika tangu mwaka jana, hali chakula vizuri, anasema vitu vya kutisha kuhusu kutokuwepo. Nilitaka nisome saikolojia nimsaidie. Sasa mmesema haitibu. Nichague nini?

---

#10 Mwalimu wa Zamu

Marahaba mwanangu. Nakujibu mambo mawili na nataka uyatenganishe.

La kaka yako halisubiri fomu. Mtu akisema habari za kutokuwepo, anaambiwa mtu mzima leo: mzazi, mwalimu unayemwamini, au moja kwa moja hospitali. Kama yuko hatarini sasa hivi, asiachwe peke yake. Hutamtia wazo kichwani ukimuuliza wazi kama anafikiria kujiua, muulize. Siyo kazi yako kumponya, na hujachelewa kwa kutosoma.

La fomu: tafuta kitabu cha saikolojia cha ngazi yako. Usisome sura ya magonjwa, hiyo itakupendeza bila shaka. Soma sura ya mbinu za utafiti na takwimu. Ukiona kuna swali lako hata moja linalokaa humo, chagua. Ukiona hakuna, bado unaweza kuwa kaka mwema au dada mwema kwa mtu yeyote.

---

#11 Kidole Juu

Nimemwambia mama jana usiku. Kesho asubuhi wanakwenda hospitali, nami nakwenda nao.

Kitabu nimekiazima. Nimesoma kurasa tatu za takwimu nimezielewa. Ya nne, ya mkengeuko sanifu, sijaielewa kabisa.

---

#12 Jani Kavu

Hapo hapo ndipo nilipolilia mimi. Piga picha ukurasa huo uuweke hapa, tuanze na mstari wa kwanza. Mkirudi hospitali, siyo sasa.